Nilivyoshtakiwa kwa Joto la Mji

Mwaka ule joto lilikuja kwetu likasahau kuaga. Kuku walitembea midomo wazi kama watu wanaotaka kukopa. Aliyeumia zaidi ni jirani yangu, Fundi Mishumaa, maana biashara yake ni nta. Mishumaa yake iliinama yote kwa pamoja kwenye rafu, ungedhani inaamkia mkubwa.

Jioni moja tulikaa barazani kwangu, mimi, yeye na binti yangu mkubwa. Ili tusahau jasho, nikasema, "Kitendawili!"

"Tega," Fundi akajibu kwa uvivu.

"Mgeni wangu hahitaji mlango, na nikifunga madirisha ndipo anaponogewa."

Akataja mbu, akataja moshi, akataja hata mama mkwe wake. Wapi!

"Basi nipe mji," nikamwambia. Ndiyo sheria ya vitendawili: anayeshindwa hutoa mji, mtegaji akishaupokea ndipo hutoa jibu.

"Mji gani tena, Bibi? Chukua huu huu, pamoja na moto wake!"

Nikaupokea. "Nimefika, nimekaribishwa, nimekula nikashiba. Jibu ni joto." Tukacheka, kila mtu akaenda kulala.

Wiki iliyofuata nikaletewa karatasi ya mahakama. Fundi Mishumaa ananidai fidia: joto la mji wangu limeharibu mali yake. Nikamfuata hukohuko dukani.

"Mwanangu, akili zimeyeyuka na nta?"

"Shikamoo, Bibi. Usinichukie. Wakili anasema kila hasara ina mwenyewe. Nimemtafuta mwenye joto mji mzima, nimekupata wewe."

"Na wakili unamlipa nini?"

"Nimeuza jiko."

"Sasa nta utayeyushia wapi?"

"Naiweka tu hapo nje, Bibi."

Nami ikabidi nitafute wakili. Yule bwana, nilipomuuliza hali ya mama yake, akajibu hajambo, akaitia kwenye gharama. Siku ya pili sikumsalimu, akaandika kwamba tulikaa kimya nusu saa. Feni yangu ikaenda, makochi yakafuata. Tukishindwa, akaniambia, nyumba yangu ya vyumba viwili, aliyoniachia marehemu mume wangu, itapigwa mnada.

Mahakamani wakili wa Fundi alinisimamia kichwani kama anayenisuka.

"Ulipopewa mji, Bibi, uliukataa?"

"Nikatae vipi, nami nilishinda?"

"Na baada ya kuupokea, ulifanya juhudi gani kupunguza joto lake?"

"Nilijipepea."

"Ulijipepea peke yako! Wewe, mwenye mji!"

Watu wakaguna. Hata mimi nikajiona mbaya.

Wakati wa mapumziko binti yangu akanivuta kando. "Mama, huu mji umeingia kwa kitendawili, utoke kwa kitendawili. Ukubali kushindwa."

"Nishindwe? Mimi?"

"Ushindwe, au tulale nje."

"Nje kuna upepo," nikamjibu.

Msinicheke. Shule niliishia darasa la saba, na cheti chenyewe kililiwa na mchwa. Lakini tangu nimeolewa mtaa ule hajatokea wa kunishinda kitendawili, na hiyo ndiyo heshima niliyokuwa nayo. Binti yangu akaniangalia tu. Machoni mwake nikauona mlango wetu na komeo lake bovu. Nikasema haya.

Wakili wangu akaliomba jambo hilo rasmi. Tabu ikawa nani atege. Fundi akaapa mji hautaki, hata bure. Mawakili wakasema ada ya kutega bado haijapangwa, wapewe muda waipange. Hakimu, jasho likimtiririka hadi kwenye kalamu, uvumilivu ukamwishia.

"Nitatega mwenyewe, twende nyumbani. Kitendawili!"

"Tega!" mahakama nzima ikaitika, hadi askari wa mlangoni.

"Nyumba yangu haina mlango."

Jamani! Hicho hata mtoto anayenyonya anakijua. Jibu likapanda hadi kwenye meno, likagonga. Nikafumba mdomo kwa mikono miwili. Nikaiwaza nyumba yangu, ambayo mlango inao.

"Sijui," nikasema.

Karani akaacha kuandika, akanitazama kwa huruma kama nimefiwa.

"Sijui, Mheshimiwa. Nakupa mji. Huu huu, na joto lake."

Mazoea yana taabu. "Nimefika, nimekaribishwa!" hakimu akasema kwa furaha. "Jibu ni yai!" Kisha tabasamu likamkauka usoni, maana Fundi alikwisha kusimama.

"Mheshimiwa, kuhusu mishumaa yangu..."

Hakimu hawezi kujihukumu mwenyewe, kwa hiyo kesi yangu ikafutwa palepale. Mawakili wote wawili wakakimbilia kwake, kila mmoja akitaka kumtetea, na nasikia hata sasa wanamwuliza hali ya mama yake.

Nyumba yangu ninayo. Ila kila asubuhi watoto wa mtaani hupita dirishani kwangu. "Bibi! Nyumba yangu haina mlango!" Na kujibu siwezi. Wakili amenionya: nikitamka hilo neno, itaonekana niliidanganya mahakama, na mji utarudi kwangu.

"Sijui, wajukuu zangu," nawaambia, na wao hucheka hadi wanakaa chini. Basi nawapa mji. Kila siku nawachagulia mwingine, wa mbali, wenye baridi.