Glasi ya Fidencio

Fidencio alikufa kwa kiu katikati ya shamba la matikiti maji. Wapo waliocheka waliposikia, maana binadamu hakosi cha kuchekea, lakini mkewe Eduviges hakuona kichekesho chochote. Ulikuwa mwezi wa sita, jua la kusini mwa Texas limeamka na hasira zake, na msimamizi kasema hakuna kwenda kwenye pipa la maji mpaka mtu amalize mstari wake. Fidencio hakuumaliza.

Siku ya wafu ilipokaribia, mwanzoni mwa Novemba, Eduviges alimpangia mumewe meza pale sebuleni kama ilivyo ada yetu watu wa asili ya Meksiko: picha yake akiwa na kofia, maua ya manjano, mishumaa, mkate mtamu, chumvi kidogo. Na maji. Kila nyumba huweka maji, kwa sababu siku hiyo marehemu hutoka mbali na hufika nyumbani na kiu, na aliye hai hayagusi. Eduviges hakuweka glasi yoyote tu. Alichukua ile nene ya buluu aliyokuwa akinywea Fidencio mwenyewe, akaijaza pomoni.

"Mwaka huu atakunywa mpaka atosheke," alisema.

Lakini kilichomnyima usingizi hakikuwa aliyekufa, bali aliye hai. Binti yao Marisela alikuwa bado anafanya kazi katika shamba lile lile, chini ya msimamizi yule yule. Ukimwambia aache, anakuuliza watoto watakula nini.

Ndiyo maana Eduviges alimng'ang'ania Adrián Berlanga, mgombea wa ubunge wa jimbo. Berlanga alisema waziwazi waliyoyakwepa wenzake: kwamba joto hili si lile la babu zetu, kwamba tabianchi inabadilika, na lazima iwepo sheria ya maji, kivuli na mapumziko kwa kila anayefanya kazi juani. Angeishia hapo, mji mzima ungembeba mabegani. Hakuishia hapo. Alisema pia kwamba visima vya mafuta vina mkono wao katika joto hilo, na itabidi vipunguzwe. Basi nusu ya mji ikamfungia mlango, maana hapa kila ukoo una wa shambani na wa kisimani.

"Tabianchi, tabianchi!" Hilario alimwambia Eduviges jikoni. Huyu ni mdogo wake Fidencio, mtu wa visima tangu ujana, na akisema jambo wenzake kazini hulifuata. "Shemeji, huyo bwana wako anataka mimi na wanangu tushindie hewa safi?"

"Kaka yako alishindia jua. Lilimshibisha?"

"Kisima ndicho kilichonijengea nyumba."

"Na jua ndilo lililonibomolea yangu."

Hilario akainamia kahawa yake. Alimpenda kaka yake, hilo hata adui asingelikana. "Haya, yaishe," alisema mwishowe. "Mlete siku ya wafu. Akimheshimu kaka yangu mbele ya meza yake, kura yangu anayo, na za wanangu, na kule kisimani nitamsemea mwenyewe."

Eduviges alitaka kumkumbatia. Akamwongezea kahawa.

Berlanga alikuja kwa miguu, akitoka kugonga mlango mmoja baada ya mwingine, shati limemganda mgongoni. Novemba ilikuwa imeingia lakini joto halikuwa na habari. Sebule ilijaa jamaa. Mgombea alikuwa wetu kwa jina na kwa sura, ila alilelewa Dallas, katika nyumba ambayo mambo ya mila yalizikwa pamoja na bibi. Tulilijua hilo na hatukulitilia maanani.

Alisimama mbele ya picha akaongea vizuri, bila makeke. Alimtaja Fidencio kwa jina. Alisema jinsi marehemu alivyokuwa akiwaimbia wenzake shambani, jambo aliloambiwa na Marisela. Hilario alivua kofia. Eduviges akajisemea moyoni, tumempata.

"Hakuna mtu," Berlanga akasema, "hakuna mtu anayestahili kufa kwa kiu akiwa ka..."

Sauti ikamkauka. Akakohoa, akakohoa tena, machozi yakamtoka. Mkono wake ukapapasa mezani, ukaikuta glasi ya buluu, akainywa yote.

Marisela alijiziba mdomo.

"Asante, mama," Berlanga akasema akijifuta midomo. "Maji matamu."

"Yalikuwa ya mgeni," Eduviges akadanganya upesi. "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Akaichukua glasi kwenda kuijaza. Alipoirudisha katikati ya mishumaa, Berlanga aliitazama, akatazama picha, na uso ukamshuka.

"Mama, sikujua."

"Najua hukujua, mwanangu."

Na kutojua huko ndiko kulikommaliza. Hilario alirudisha kofia kichwani. "Anasema atawapa maji walio hai," alisema mlangoni, kwa sauti ya kusikika. "Kaanza kwa kuwanyang'anya wafu." Watu wakacheka. Jioni haijaingia, neno hilo lilikuwa limeshafika kinyozini, kanisani na kwenye visima vyote.

Eduviges alimkimbilia uani. "Shemeji, ni kiu tu ile! Kiu ndiyo iliyomuua kaka yako. Leo mwenye kiu humwonei huruma?"

"Mila ni mila, shemeji." Hakumtazama.

"Mila, au kisima?"

Hilario akapanda gari lake akaondoka. Kumbe alikuwa anatafuta sababu siku zote, na sababu ikamjia katika glasi. Eduviges alisimama pale uani na hasira zake, asijue azipeleke wapi.

Alipiga kura yake. Berlanga akashindwa, wala si kwa nyingi. Aliyeshinda husema joto ni kazi ya Mungu.

Mwezi wa sita umerudi. Marisela hutoka alfajiri na chupa ya barafu ambayo huyeyuka kabla hajafika nusu ya mstari. "Usiniwaze, mama," husema. Akishaondoka, Eduviges huijaza ile glasi ya buluu, huiweka mbele yake dirishani, na kutazama barabara. Hatii tone kinywani mpaka aone vumbi la gari la binti yake.

Siku moja Marisela alimkuta midomo imepasuka, akapandwa na hasira. "Unajiua bure! Wewe ukikaa na kiu, mimi ndiyo napata maji?"

"Hapana," Eduviges akasema. "Hupati."

Kesho yake akaijaza tena.