Gitaa la Origine

Buyenzi, mtaa wa mafundi, hakuna kitu kinachoharibika chenyewe. Gari likizimika katikati ya barabara, redio ikikwama, hata ndoa ikivunjika, fundi wa Buyenzi ataegemea ukuta, atajifuta mikono kwa kitambaa cheusi, kisha atauliza swali moja tu: ni origine? Maana yake, kimetoka kiwandani kwenyewe, au ni cha kuigiza, kimepakwa rangi kikabandikwa jina la watu? Kama si origine, basi usihangaike kutafuta ugonjwa mwingine. Ulimwengu wote, kwa hesabu ya Buyenzi, umegawanyika mafungu hayo mawili. Wale waliokuwa wakiwagawanya watu kwa vigezo vingine miaka ile ya vita, huko milimani na humu mjini, wangeokoa roho nyingi kama wangepitia Buyenzi kwanza kuuliza.

Massoudi alikuwa fundi breki siku za kazi, na mpiga gitaa la solo wa Orkesta Safi siku za harusi. Asubuhi moja, mwaka ule majirani walipotufungia mipaka na petroli ikawa inauzwa kwa chupa kama asali, guruneti lililipuka kando ya soko. Massoudi alikuwa amelala chini ya teksi akifunga breki, na teksi hiyo ndiyo iliyompokelea vyuma vyote. Alitoka chini yake mzima, akajikung'uta vumbi, akaomba spana namba kumi na tatu, kisha akauliza kwa nini watu wote wananong'ona.

Tangu siku hiyo nyuzi mbili nyembamba za gitaa lake zilikufa. Hazikukatika. Alizipiga akaziona zinatetemeka, akazigusa zikamsisimua kidole, lakini sauti hakuna. Nyuzi nene ziliongea kama kawaida. Moyoni Massoudi alijua kilichotokea. Lakini kuna chumba cha moyo ambacho mtu hupiga kufuli na kupita mbali nacho, na yeye alikuwa amekifunga chake barabara. Alichowaambia watu ni kwamba gitaa lake si origine. Na kweli halikuwa. Jina la kiwanda lilikuwa limebanduka zamani, mahali pake akabandika nembo ya Toyota aliyoing'oa kwenye Corolla iliyogonga mti.

Ingekuwa harusi ya mtu mwingine, angejipigia tu kwa mazoea ya vidole. Lakini safari hii aliyekuwa anaolewa ni Khadidja, binti yake wa pekee, na kulikuwa na wimbo. Massoudi aliutunga mtoto alipozaliwa. Hauna maneno, wote unakaa kwenye zile nyuzi mbili nyembamba, kwa sababu Khadidja alikuja duniani na kasauti kembamba, nako hakakukua hata alipokua mwenyewe. Baba aliahidi kwamba ataupiga siku ya harusi yake, mbele ya watu, kabla mume hajamchukua kwenda kuishi Kigoma. Na hakutaka kuupiga tu, alitaka kuusikia. Vita ile haikuwa na tarehe ya kwisha, na Kigoma ilikuwa imekuwa mbali sana. Nani angemhakikishia kwamba atamwona tena mwanawe?

Khadidja mwenyewe, kwa maoni ya baba yake, siku hizi alikuwa ameota tabia mbaya. Anafungua mdomo, anaufunga, na neno halitoki.

"Zubeda," Massoudi alimlalamikia mkewe, "uyu mutoto juu ya nini anasemea mu tumbo?"

"Anasema muzuri," Zubeda akamjibu. Alikuwa na sauti nene, sauti ya kuuzia maandazi sokoni, nayo ilifika bila shida. "Ni weye."

Massoudi akauliza kama kuna chai.

Basi, gitaa jipya likatafutwa, na hapo ndipo gereji ilipogeuka bunge. Moubarak, kiongozi na mpiga ngoma wa orkesta, alikuwa mtu wa Fender. Ukimwambia kuna gitaa lingine duniani anakutazama kwa huruma, kama mtu aliyekukuta unakula udongo. Salvator, mpiga besi, karani wa wizara ambaye hakukosa tai hata siku za risasi, alikuwa mtu wa Gibson. Aliwahi kuiona katika gazeti la Kifaransa, imeshikwa na mtu aliyevaa suti, na hilo lilimtosha. Wa tatu hakuwa mwanamuziki kabisa. Alikuwa Huseni, kaka yake Zubeda, fundi wa injini za boti kule Kajaga, kando ya ziwa.

"Shemeji, kamata Yamaha," Huseni alisema. "Mi nafunga Yamaha ku maboti ya wavuvi tangu niko kijana. Mvua, mawimbi, yote inapita. Unavuta kamba mara moja, inawaka."

"Gitare aivutiwi kamba," Salvator akasema.

"Ile nyuzi ni nini basi?"

Salvator akakaza tai, akarudi kwenye Gibson yake. Walibishana hivyo siku nyingi. Milio ya bunduki ikianza upande wa Gihosha walinyamaza kidogo, ikitulia waliendelea pale pale walipoishia. Hakuna aliyewahi kuipiga Fender, wala kuigusa Gibson. Ubishi ulikuwa safi, haukuchafuliwa na ujuzi wowote.

Mwishowe kila mmoja akaapa kuleta lake. Huseni alipata Yamaha kwa mvuvi mmoja, akaipaka grisi kwenye vikazio vya nyuzi kabla ya kuileta, kwa heshima. Salvator aliazima Gibson kwa binamu yake, aliyeachiwa na Mzungu mmoja aliyeondoka nchini haraka. Fender ya Moubarak ilikuwa Uvira, ng'ambo ya mpaka, na Massoudi ndiye aliyetumwa Gatumba, mpakani, kuipokea.

Aliyeivusha ni Dévote, mama mfanyabiashara wa ndagala, dagaa wa ziwani, mwanamke asiyeogopa kitu isipokuwa ndagala kuoza. Kuvusha gitaa wakati wa vita si mchezo. Kitu kirefu kilichofungwa kwenye kitambaa, askari hahitaji maelezo, anajua ni bunduki. Kwa hiyo Dévote alilibeba mgongoni kwa kitenge, akalifunika kofia ya sufi kichwani, akawa analipigapiga makalio kwa upole. Yeye na Massoudi walipanda pikapu iliyosheheni ndagala, na kwenye kizuizi cha askari wakateremshwa.

"Mutoto murefu hivi?" askari akauliza.

"Baba yake murefu, chef," Dévote akamjibu, kama anavyojibiwa afande.

Askari akamgeukia Massoudi, ambaye hata akisimama juu ya tofali hafiki begani mwa mtu. Abiria wote wakatazama chini. Miaka ile urefu wa mtu haukuwa jambo la mzaha, ulisomwa kama kabila, na kuna waliokufa kwa kupimwa kwa macho tu. Askari akanyoosha kidole na kumgusa mtoto mgongoni.

Uzi ukalia. Ting!

Dévote akakauka. Dereva akafumba macho. Askari akarudi nyuma, mkono kwenye bunduki. Massoudi peke yake aliendelea kutabasamu kama baba mwenye fahari, ametulia tuli, kwa kuwa hakusikia chochote. Askari akamtazama kwa muda. Mtu anayeficha kitu hatulii namna ile.

"Anakohoa," askari akasema hatimaye.

"Iko na kifua, chef," Dévote akadakia.

"Mupeleke kwa munganga. Ile kikohozi aiko muzuri."

Pikapu ilipokwisha kuondoka, Dévote alimshika Massoudi mkono. Ilibidi amkaribie usoni. "Baba Khadidja, uko na roho ngumu! Ile uzi inalia, weye unacheka tu."

"Uzi gani?"

Dévote akamweleza. Massoudi alijipikicha sikio kwa kidole mpaka mjini. Aliogopa, na si askari aliyekuwa anamwogopa.

Alhamisi, siku mbili kabla ya harusi, magitaa yote matatu yalilazwa juu ya boneti ya Peugeot, mbele ya gereji. Umeme haukuwapo. Nguzo zilikuwa zimeangushwa tena huko milimani, na mji mzima ulikuwa unasubiri kwa siku kadhaa. Kujaribu magitaa ya umeme bila umeme lingekuwa jambo la kuahirisha kwa watu wengine. Hawa hawakuahirisha.

"Kama courant aiko, meno ndiyo courant," Moubarak alisema. "Wazee wetu mu orkesta walikuwa wanafanya hivi. Unauma mbao, unapiga uzi, sauti inapita mu mufupa."

Akamshikisha Massoudi ile Fender. Massoudi akaiuma pembe ya juu, ile ncha ya mwili wa gitaa inayochongoka karibu na shingo. Ilinuka ndagala. Akapiga uzi mwembamba kuliko wote.

Sauti ikamwingia kwenye meno, ikapanda taya, ikamjaa kichwani. Ilikuwa ileile, kali, safi, aliyoikosa tangu siku ya teksi. Akaupiga tena, na tena. Machozi yakamtoka hadharani, na hakuona haya.

"Origine!" akapiga kelele, pembe ikiwa bado mdomoni, hivyo neno lilitoka kama limetafunwa.

Moubarak akainua mikono juu na kuanza kupokea pongezi. Huseni akagoma. Haki ni haki, na Yamaha ijaribiwe! Massoudi akaiuma Yamaha. Pembe yake ilikuwa fupi ikamgonga pua, na ladha ya grisi haikuwa ndogo, lakini sauti ikaja vilevile. Salvator akalegeza tai na kuleta Gibson. Ile aliyoileta ilikuwa na bega la mviringo upande wa juu, meno yakateleza kama kwenye papai bichi, ila yaliposhika, sauti ikaja vilevile.

"Sasa ipi ndiyo muzuri?" wote watatu wakauliza.

"Zote."

Kelele iliyozuka pale ilimtoa muadhini mlangoni mwake. Mtu anasemaje zote! Moubarak alisema mtu asiyechagua hana imani. Salvator na Huseni, ambao hawakuwahi kukubaliana jambo lolote, wakakubaliana kwamba amehongwa. Massoudi aliingia ndani ya gereji, akatoka na gitaa lake la zamani, lile la Toyota, akaliuma mbele yao na kupiga uzi mwembamba.

Sauti ikaja vilevile.

Akaliweka juu ya boneti taratibu. Hapakuwa na pa kukimbilia tena.

"Si gitare," akasema. "Ni mimi. Ile guruneti ya ku soko. Masikio yangu imekufa juu. Sisikie nyuzi ndogo. Sisikie ndege. Mutoto wangu anasema na mi, simusikie."

Huyu alikuwa mpiga solo wao. Huseni akajikuna kichwa, akazunguka Peugeot mara moja, akarudi. Fundi akiambiwa kitu kimekufa, kuna jambo analazimika kuuliza.

"Origine yake aipatikane?"

"Sikio? Apana."

"Basi tunaweka adaptable," Huseni akasema, maana yake kipuri cha kitu kingine kinachokubali kuingia.

Ndivyo gereji zote zilivyoishi miaka ile ya mipaka kufungwa. Pistoni ya gari hili ilifanya kazi kwenye gari lile, mkanda wa mashine ya kusaga unga ukazungusha feni ya teksi. Wakaacha kubishana kuhusu jina, wakaanza kupima mdomo wa Massoudi. Gibson ikawekwa kando kwa sababu ya bega, na lile la Toyota vilevile. Yamaha ikawekwa kando kwa sababu ya pua, na Huseni akakubali kwa uchungu. Pembe ya Fender ilikaa kati ya meno kana kwamba imechongwa kwa ajili yake. Moubarak akatangaza mtaani kote kwamba Fender imeshinda. Hakueleza imeshindia nini.

Jumamosi, baada ya adhuhuri, ua ulijaa watu. Ndoa ilikuwa imekwisha kufungwa, pilau limeliwa, na jenereta la kuazima lilikuwa linanguruma nyuma ya choo. Sherehe zote ziliwahi mapema wakati ule, kwa kuwa jioni amri ilikuwa kila mtu awe kwake. Massoudi aliufupisha mkanda mpaka gitaa likamfika kidevuni. Akasema bismillahi, akaliuma.

Minong'ono ikaanza. Shangazi mmoja aliuliza kwa sauti kama baba wa bibi harusi amenyimwa pilau. Vijana wakapiga makofi wakidhani ni mtindo mpya kutoka Kinshasa. Yeye hakuwasikia wala hakuwajali. Alikuwa ndani ya kichwa chake pamoja na wimbo, na wimbo ulikuwa mzima, haukupungua hata noti moja. Furaha ilimzidi. Aliogopa jenereta litazima, aliogopa jua litazama, akapiga haraka, halafu haraka zaidi, na Moubarak kwenye ngoma akawa anatoka jasho kumfuata.

Khadidja akasimama kutoka kwenye kiti chake cha bibi harusi. Hina mpaka viwikoni, dhahabu za kuazima shingoni. Akavuka ua akafika mbele ya baba yake na kufungua mdomo. Massoudi aliona midomo inacheza. Hakusikia kitu, akatikisa kichwa kwa huzuni, na gitaa likatikisika naye.

Khadidja alimtazama, akaitazama ile pembe kati ya meno yake. Kisha akainama, mtandio ukamteleza, akaigusisha midomo kwenye mbao ya gitaa, pembeni mwa mkono wa baba yake uliokuwa ukipiga.

"Baba," akasema ndani ya mbao, "unakimbia. Piga polepole."

Massoudi akasikia. Akapunguza mwendo.