Kichaka na Vijiti Arobaini na Nane

...na sasa siwezi kuinuka, niinuke niende wapi na vijiti arobaini na nane vya kukunjia nywele kichwani, nimevihesabu kimoja kimoja alipokuwa akivifunga, mazoea ya miaka thelathini na nne ya kuhesabu watoto mstarini, vya zambarau utosini, vya kijivu kisogoni, pamba imenizunguka kichwa kama majeruhi, masikio yamepakwa mafuta mazito, dawa inanuka yai lililosahauliwa kabatini, na ile saa ndogo ya jikoni mbele ya kioo inasema dakika ishirini, hapana, kumi na tisa, na nyuma yangu amesimama yeye, ni yeye, ameshika kitana kwa mkono wa kushoto, na walioshika kalamu kwa kushoto nimewafundisha wengi, lakini aliyekuwa akiinamisha shingo upande namna ile, kama kuku anayesikiliza funza ardhini, alikuwa mmoja tu... Mungu wangu, Kichaka. Na jina liko mlangoni! Herufi kubwa za kijani, SALUNI KICHAKA, mke wa mwanangu aliponishusha nililisoma nikacheka, nikamwambia, "Nani mwenye akili zake anaita saluni kichaka?" naye akasema, "Mama, wewe ingia tu, huyu ni fundi wa mafundi, hakuna kichwa kinachomshinda," basi nikaingia nimejivuna kama kawaida yangu, nikakagua sakafu, nikakagua taulo, nikalisahihisha kimoyomoyo tangazo la ukutani, "tunakunja nywele za aina zote", nukta mwishoni ipo, nikalipa vema, nukta niliiona, jina sikulitambua, na jina nililitoa mimi, kwa kinywa changu, kwenye kipaza sauti... kumi na nane na nusu. Ananiita Mama, Mama geuka kidogo, Mama maji yana moto, pengine hanikumbuki, miaka ishirini na miwili si mchezo, wakati ule nilikuwa na miwani mikubwa na nywele nyeusi nimezibana nyuma hadi nyusi zikapanda, watoto walikuwa wananiita Rula, walidhani sijui, na sasa mimi ni bibi tu mwenye mvi aliyekuja kutengenezwa kwa sababu Jumamosi anaolewa... naolewa! Sijazoea bado neno hili, nikilisema peke yangu bafuni nacheka, miaka sitini na mitatu, mjane wa miaka tisa, naolewa na fundi redio, mwanamume mpole mwenye mikono mikubwa na sauti kubwa zaidi, niliyempelekea redio yangu mara tatu, mara ya kwanza mbovu kweli, mara ya pili nzima, mara ya tatu niliitoa betri mwenyewe, akaifungua, akaitazama, akanitazama, akasema, "Mwalimu, hii redio inaumwa ugonjwa gani?" nami nikaanza kutafuta betri mkobani, mimi, niliyekuwa nikiwauliza watu maswali maisha yangu yote.

Yeye ndiye aliyesema hajawahi kuona nywele zangu zimeachiliwa, hakusema kwa ubaya, alisema kama mtu anayesema hajawahi kuona theluji, nikaona haya, nikakumbuka nilipokuwa binti nilivyotamani mawimbi, mawimbi tu mawili matatu yanayoshuka karibu na sikio, na marehemu mama yangu akisema nywele za kipilipili hazina mawimbi, ukitaka mawimbi kaoge baharini, basi nikazibana, nikabana na za wenzangu... ah, hapo ndipo, hapo ndipo penyewe. Mkono wa kushoto umenigusa kisogo, baridi, nimeruka. "Inawasha, Mama?" "Hapana." "Ikiwasha sema, usivumilie, hapa hatutoi cheti cha uvumilivu," na nesi aliyekaa kiti cha pili akacheka, nesi mwenye nywele za singa zilizolowa hadi mabegani, anasubiri zamu yake, na mimi nikacheka kwa meno ya mbele tu, kwa maana nani ajuaye amenipaka nini, angetaka angenipaka dawa kali ya farasi akaenda zake kunywa chai, Jumamosi nifike harusini nina kichwa kama yai, fundi redio akisema nywele zimeachiliwa kweli, zimeachiliwa hadi zikaondoka... mkuki kwa nguruwe, Rula, kwa binadamu mchungu.

Ilikuwa Jumatatu. Wanafunzi mia sita mstarini, mimi na sheria zangu za shule, ya kumi na moja ilisema ni marufuku kukunja nywele kwa dawa, nikamwona mstari wa tatu, mwembamba, nywele zimejikunja vipete vipete, zimesimama juu zinang'aa jua la asubuhi, nzuri, ndiyo, nzuri, leo naweza kusema, nikasema kwenye kipaza sauti, "Wewe mwenye kichaka, njoo hapa," shule nzima ikaangua kicheko, akaja, akasema, "Mwalimu, ni zangu, nimezaliwa nazo," nikasema hakuna anayezaliwa na nywele zimetoka saluni, kicheko tena, nikachukua mkasi, kishungi kizima cha mbele, juu ya paji kabisa, kikaanguka kwenye kiatu changu. Hakulia. Laiti angelia. Siku ya tatu mama yake akaja ofisini na picha, mtoto wa miezi kumi ndani ya beseni la kuogea, kichwa kimejaa vipete vilevile, nikaitazama ile picha, nikaijua kweli papo hapo, nikairudisha juu ya meza kwa kidole kimoja, nikasema, "Sheria ni sheria, mama." Sheria gani? Sheria ilikataza dawa, na mtoto hakuwa na dawa! Na siku ileile ya mkasi, darasani, nilikuwa nafundisha methali, nimeandika ubaoni kwa mwandiko wangu mzuri, akili ni nywele, kila mtu ana zake, nikawauliza maana yake nini, na yeye amekaa pale amejifunga kitambaa, mkono wa kushoto haujanyooka juu, haukunyooka tena mpaka alipomaliza shule...

Kumi na tatu. Nesi anauliza, "Sasa mbona yeye umempaka krimu kwanza, saa nzima, na mimi unasema vijiti moja kwa moja?" na fundi anajibu bila kuinua macho, anabonyeza vijiti vyangu kimoja kimoja kama mtu anayepima embe, "Kwa sababu nywele si moja. Zako ni za singa, zimenyooka tayari, nikizifunga kwenye kijiti na kuzitia dawa zinakubali, shida yake ni kusahau, miezi mitatu zimelala tena. Za kipilipili kama za Mama zimekuja duniani na mkunjo wake, kwanza unazibembeleza kwa krimu zilegee, ndipo unazifundisha mkunjo mwingine mkubwa zaidi, na hapo usitumie nguvu, ukitumia nguvu zinakatika." "Na hii rangi yangu?" "Hiyo nimeshaijaribu kwa dawa kwenye kishungi kimoja nyuma ya sikio, ndiyo maana unasubiri, nywele zilizopakwa rangi zimechoka, nitakupa dawa laini na vijiti vinene, utapata mawimbi, vipete vidogo vidogo sahau." "Mimi nataka niamke, nitikise kichwa, niende kazini." "Utatikisa." Anafundisha vizuri. Sauti haipandi, anaeleza sababu kabla ya amri, anamwacha mtu aulize, nani alimfundisha kufundisha hivi, si mimi... "Mvi za Mama ndizo kaidi," anasema, "mvi haisikii dawa upesi, inataka uirudie na uisubiri," na nesi anasema, "Kama wazee wenyewe," wanacheka wote wawili, nami nacheka, safari hii meno yote, kwa maana ni kweli, miaka ishirini na miwili dawa inaningoja niisikie.

"Wewe ulianza lini kazi hii?" anauliza nesi, nyamaza nesi, nakuomba, uliza habari za mafuta, uliza bei ya vitunguu... "Shuleni," anasema fundi. "Walinikata nywele mbele ya watu, wakidhani nimezitia dawa." Walinikata. Wa-li-ni-ka-ta, wingi, amesema wingi, ananificha au hanijui? "Nikafika nyumbani nimepiga kitambaa, nikajifungia chumbani na mkasi wa mama, nikasema hili pengo siendi nalo kesho, nikaanza kusawazisha, nyuma naangalia kwa vioo viwili, mpaka jioni, nikatoka, mama yangu akaniuliza nani amekunyoa vizuri hivi? Kesho yake wasichana wanne wakaniomba niwanyoe. Mwisho wa muhula walikuwa foleni. Wananiita Kichaka, Kichaka, nikaona jina lina wateja, nikabaki nalo." "Na aliyekukata?" Moyo wangu unagonga mpaka nadhani vijiti vinalia. Maji yanadondoka kwenye sinki. "Aliyenikata," anasema polepole, "alifundisha vizuri mno. Mpaka leo siwezi kuandika ujumbe bila nukta. Lakini hakuwahi kurudi nyuma." Kisha akaondoka, akaenda kuosha kitana.

Hakuwahi kurudi nyuma. Nilidhani nitasikia tusi, tusi ningelipokea, nimejiandaa kwa tusi tangu dakika kumi na tisa, lakini hii... kweli sikurudi, nilikuwa nafundisha watoto wasahihishe makosa kwa kalamu nyekundu, na langu nililiacha kwenye daftari la mtu. Ningeweza kukaa kimya. Dakika tisa, dawa ya pili, kuoshwa, kupanguswa, asante fundi, kwaheri, hajui, au anajua na ameniachia mlango, na mtu mzima akiachiwa mlango hutoka taratibu na heshima yake... heshima gani, Rula, heshima iliyofungwa pamba? Anarudi. Naona kwenye kioo anavyokuja, mwili umenenepa kidogo, nywele zake kafunga juu, vipete vinatoka kila upande, vilevile vya beseni, anachagua kijiti kimoja juu ya sikio langu, anakifungua mizunguko miwili, anausukuma unywele kidogo kuelekea kichwani autazame kama umeshika umbo, umejikunja nusu, kama herufi ya esi iliyoandikwa na mtoto wa darasa la kwanza, anaukunja tena, anafunga, ananipapasa bega, na kwa sauti ileile isiyopanda anasema, "Bado kidogo, Mwalimu."

Mwalimu! Tangu lini? Tangu mlangoni, bila shaka, tangu nilipoyakagua mataulo, ni nani mwingine duniani anayekagua mataulo ya watu, amenikanda kichwa saa nzima kwa krimu, amenipaka mafuta masikioni nisiungue, akijua ni mimi, ameniambia ikiwasha niseme, akijua, na sentensi nilizozipanga zimekimbia kama watoto kengele ikilia, na papo hapo simu inalia, ndani ya mkoba, mapajani, chini ya hili joho la plastiki, inalia na kutetemeka. "Usiiguse, una dawa shingoni," anasema, anaitoa mwenyewe, anaishika mbele ya uso wangu, ameifungulia sauti, na fundi redio, ambaye anadhani simu ni bomba la kupigia kelele, anajaza saluni nzima, "Mpenzi! Uko wapi?" Nesi kafunika mdomo. Nami ningeweza kusema niko saluni, ni neno moja, nikasema, "Niko kwa mwanafunzi wangu." "Yupi?" "Wa nywele. Nilimkata nywele mbele ya shule nzima, zilikuwa zake, alizaliwa nazo, mama yake alinionyesha picha na nikajua ni kweli, nikasema sheria ni sheria. Sijamwomba radhi mpaka leo." Naye, kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, "Yuko hapo?" "Ndiye aliyeshika simu." "Basi mwombe," anasema fundi redio, "mimi nasubiri."

Nikainua macho kwenye kioo, kwa maana kichwa siwezi kukigeuza, na yeye yuko pale juu ya vijiti vyangu, shingo imeinama upande, anasikiliza. "Zilikuwa zako," nikasema. "Ulisema kweli, mimi nikakufedhehesha, na nilipojua nikanyamaza. Nisamehe, mwanangu." Mkono wa kushoto umeshika simu, wa kulia ukaja kwenye paji langu, ukaisukuma pamba mahali pake, ukakaa pale kuliko pamba ilivyohitaji. "Nilikwambia, Mwalimu," akasema, macho yamejaa maji na mdomo unatabasamu, "nilikwambia ni zangu," nikasema, "Uliniambia," akasema, "Mbele ya watu mia sita," nikasema, "Na leo ni mbele ya nesi mmoja, naona hesabu haijakaa sawa," nesi akasema, "Nitawasimulia wodi nzima, mama, usihofu," na hapo kicheko kikanishika, si kile cha meno, kile cha tumboni, kichwa kinatikisika vijiti vyote vinagongana, fundi ananishika mashavu kwa kiganja na kiwiko, naye anacheka, "Tulia, Mwalimu, tulia, dawa itakuingia machoni!" na mimi natulia, najaribu kutulia, dakika sita, vijiti arobaini na nane, harufu ileile ya yai, na kutoka kwenye simu, hewani, namsikia fundi redio akipumua, hajakata, anasubiri.