Funguo Sitini na Nne

Yasmine alikuwa mtu wa mpangilio, na mpangilio ndio uliomponza.

Babu yake, mzee Issaka, aliuza makufuli kwa miaka arobaini. Alianza kwa miguu, ubao begani, makufuli yananing'inia na kugongana kila anapokanyaga, akizunguka masoko kutoka baridi ya Lubero mpaka joto la Beni. Magoti yalipogoma akafungua duka dogo mjini Butembo, mlango mmoja tu, karibu na msikiti. Huku kufuli huitwa kadena, kwa hiyo watu walimwita Muzee Kadena, naye aliitika bila kununa.

Alikuwa na namna yake ya kuuza ambayo wenzake waliicheka waziwazi. Kila kufuli huja na funguo mbili. Mzee Issaka alimpa mteja mmoja, na kama mteja alitoka upande ambako watu walikuwa wakikimbia vita leo na kurudi baada ya mwezi, alimwomba amwachie wa pili. Mtu anayekimbia hupoteza hata viatu, sembuse ufunguo. Mteja aliufunga kwa alama yake mwenyewe: uzi, kifungo cha shati, ushanga wa rozari, unyoya wa kuku. Mzee akautia kwenye kopo la biskuti. Kila Ijumaa baada ya swala aliumwaga mzigo wote juu ya mkeka, akashika alama moja moja na kutaja wenyewe. Huyu wa Mangina, mke wake alikuwa na mimba. Huyu wa Kipese, analima viazi na anapenda kubishana bei.

"Kadena nauzisha siku moya," alimwambia mjukuu wake. "Ufungulo nachunga mpaka mwenyewe arudie. Kazi njo ile." Yaani, hiyo ndiyo kazi.

Yasmine aliitika "ndiyo, babu," macho yakiwa kwenye simu. Alimpenda sana babu yake, jambo hilo halina ubishi, lakini kumpenda mtu na kumsikiliza ni kazi mbili tofauti.

Mwaka jana mzee akalazwa hospitali. Yasmine akaona amwandalie jambo la kumfurahisha atakaporudi. Akapanga rafu, akapaka ukuta rangi, kisha akalikabili lile kopo. Matambara yenye jasho, manyoya, nyuzi zilizooza! Akazikata alama zote, akafunga kila ufunguo kibati cheupe chenye namba, moja mpaka sitini na nne, na uchafu wote akautia motoni. Akanunua daftari. Upande mmoja akaandika namba, upande wa pili akaacha wazi, ili babu akirudi amtajie majina.

Babu hakurudi. Alizikwa siku hiyohiyo aliyofariki, kabla ya alasiri, na ule upande wa daftari ukabaki mweupe.

Miezi minane ilipita. Yasmine hakuwa na mtu mwingine wa kukaa naye Butembo. Alikula chakula chake amesimama nyuma ya meza ya duka, kwa sababu kukaa chini kula peke yake kulimtia uchungu zaidi. Dada yake Sofia alipiga simu kutoka Kampala kila Jumapili: njoo, kuna kitanda, kuna kazi. Mwishowe Yasmine alikubali. Zacharie, muuza simu wa jirani, angelichukua duka Jumamosi. Kopo la biskuti alikuwa hajaamua alifanye nini, na kila alipolitazama aligeuza uso.

Jumanne asubuhi akaingia bikizee mmoja mwembamba, kitambaa cha manjano kichwani, kimefifia kwa kufuliwa.

"Wabukire," alisalimu kwa Kinande. "Niko natafuta Muzee Kadena."

"Alikufa, mukaka," Yasmine alijibu, akimwita bibi kwa lugha yake. "Mwezi wa munane sasa."

"Pole, mutoto. Alikuwa mutu muzuri." Kisha akajitaja: Kanyere, wa kando ya Beni, upande wa Boikene. Miaka mitatu sasa alikuwa akilala kwa watu Butembo. "Banasema kule kumetulia. Bajirani banarudia. Alhamisi naenda na miye. Nakuya juu ya ufungulo. Ile yangu ilipotea mu njia ya kukimbia, lakini babu yako alikuwa anachunga ya pili. Nilifunga na kipande ya kitambaa hii."

Alikigusa kile kitambaa cha manjano. Yasmine alikumbuka vizuri kabisa kipande cha manjano kikiwaka motoni. Kilitoa moshi mwingi.

"Mukaka, si uko unaweza kukata tu ile kadena?"

"Hapana kukata." Sauti ya bikizee ilikuwa ndogo lakini haikuwa na mlango wa kupenyea. "Ile siku, bwana yangu Stanislas njo alifunga mulango. Alinisukuma niende mbele na batu, akafunga, akarudia mu shamba ya kakao kuangalia mbuzi. Hapana kuonekana tena. Ile kadena njo kitu ya mwisho mukono yake ilifanya."

Yasmine angesema ukweli pale pale. Badala yake alisikia mdomo wake ukisema kwamba funguo ziko nyumbani, arudi kesho. Bikizee akashukuru, akaenda zake.

Mchana wote mlango wa duka ulikuwa nusu wazi, na Yasmine alikaa sakafuni na kopo mapajani. Aliutafuta ufunguo wa Kanyere kana kwamba chuma kingemwonea huruma. Zote zilifanana, na vile vibati vyake vyeupe, alivyojivunia siku ile, vilimtazama kwa kebehi. Alimpigia binamu yake Hassan, mwenye lori linalobeba mizigo kati ya Butembo na Beni.

"Mais Yasmine, unajitesa bule," Hassan alisema, akichanganya na Kifaransa kama kawaida yake. "Umuuzishe kadena mupya, umupe na musumeno. Donc imeisha. Na kopo, tupa."

Lilikuwa shauri la mtu mwenye akili timamu. Yasmine alichukua kufuli jipya kwenye rafu, zuri, zito, akaliweka kando. Ndipo akakumbuka habari ambayo babu alipenda kuirudia mpaka ikachosha. Zamani aliwahi kumuuzia mtu wa Lubero kufuli bovu, akaligundua kosa mwenyewe baada ya kufika Butembo. Alirudi Lubero kwa miguu kwenda kulibadilisha. Mwenye kufuli alikuwa hajagundua lolote, akamcheka. "Usiuzishe mutu kitu juu ya kufunika kosa yako," babu alikuwa akimaliza hivyo, kila mara, na Yasmine alikuwa akipiga miayo.

Alilia sana siku ile, peke yake, kwa sauti. Alimlilia babu, akalilia na ile miayo.

Kanyere aliporudi Jumatano, Yasmine alimweleza yote bila kupunguza: moto, vibati, daftari jeupe. Alingoja matusi. Bikizee alilitazama kopo, akalitikisa kidogo, akasikiliza mlio wake.

"Basi utakuya nayo yote," alisema.

Alhamisi walipanda mbele kwenye lori la Hassan, Yasmine katikati, kopo likiwa limefungwa ndani ya mfuko. Ndani ya mfuko huohuo, chini kabisa, chini ya kitambaa, kulikuwa na lile kufuli jipya na msumeno. Hakuwaambia wenzake. Alijiambia ni tahadhari tu, lakini uso ulimwaka.

Kwenye kizuizi kabla ya Beni askari alitaka kuona mfuko. Akafungua kopo, akarudi nyuma hatua moja, Kilingala kikamtoka kwanza.

"Mama, oyo nini? Funguo yote hii? Unataka kuingia mu nyumba ya Beni muzima?"

Hassan alianza kutafuta karatasi za lori. Kanyere akainama dirishani. "Ni ya batu balikimbia. Bakirudia, batauliza."

Askari alikuwa kijana. Alitia mkono ndani ya kopo, akazichezea funguo kidogo. "Ya kwetu haiko hapa," alisema, akalifunga kopo na kulirudisha. Akawapungia wapite.

Hassan aliwaacha barabarani, akaenda kushusha mizigo. Wanawake wawili wakafuata njia ya miguu kati ya mikakao iliyogeuka msitu. Nyumba mbili za kwanza zilikuwa kuta tu. Katika ya tatu mtu alikuwa akipigilia mabati, akawasalimu bila kushuka. Ya Kanyere ilikuwa ya nne. Udongo ulikuwa umebanduka pembeni, paa limezama upande mmoja, lakini mlango ulisimama, na kufuli lilikuwa juu yake, jekundu kwa kutu.

Kanyere aliketi juu ya jiwe.

Yasmine alitia mafuta ya mashine kwenye tundu, kama babu alivyomfundisha, na akangoja, kama babu alivyomfundisha. Ukilazimisha, ufunguo huvunjikia ndani, na hapo hata malaika hafungui. Alikaa chini akawatazama nzi. Baadaye akaanza. Namba moja haikuingia. Namba mbili iliingia, haikuzunguka. Kila ulioshindwa aliulaza kwenye upindo wa gauni lake, na kila mmoja alijikuta akiuliza kimoyomoyo: wewe ni wa nani? Yuko wapi mwenyewe? Kulikuwa na wa mtu wa viazi wa Kipese humo. Kulikuwa na wa yule mwenye mke mjamzito, ambaye mtoto wake, kama yu hai, sasa anatembea. Babu alikuwa akiishi na watu wote hawa. Yeye alikuwa amewafuta kwa mkasi.

Namba kumi na tisa iliingia ikazunguka. Kitu ndani ya kufuli kililegea.

"Acha!" Kanyere alikuwa ameshasimama. "Acha hapo. Mimi njo nitafungua."

Yasmine akaondoa mkono. Bikizee aliushika ufunguo, akaweka mkono wa pili juu ya kufuli lote, akalifunika kama mtu anavyoshika mkono wa mgonjwa. Alikaa hivyo muda mrefu. Kisha akamaliza kuzungusha, akaingia.

Yasmine alibaki nje. Kupitia mlango aliona kitanda, sufuria iliyopinduliwa, na nyuma ya mlango mabuti ya shamba ya mwanamume, yamesimama sawa, yamejaa vumbi. Alimwona Kanyere akiinama juu yake. Akageuka akatazama mikakao, kwa maana kilio kile hakikuwa chake.

Kanyere alipotoka alikuwa na lile kufuli la kutu mkononi, likiwa bado wazi.

"Hii siwezi kufunga tena," alisema. "Nikiifunga, itakuwa miye njo nimeifunga. Itabaki wazi, pamoya na ufungulo yake." Akamtazama Yasmine. "Uko na ingine?"

Yasmine aliingiza mkono chini kabisa mfukoni. Alilitoa kufuli jipya, na msumeno ukatokeza pamoja nalo. Kanyere aliutazama msumeno, akatabasamu kwa mara ya kwanza, meno machache.

"Babu yako angekuchapa," alisema.

"Angenichapa, mukaka."

Alilinunua kwa bei ya siku zote, na alibishana kidogo, ilivyo ada. Yasmine akamkabidhi funguo mbili. Kanyere akaondoa kitambaa kichwani, nywele zake zikiwa nyeupe tupu, akakiuma upindo na kuchana kipande chembamba. Akakifunga kwenye ufunguo mmoja, mafundo mawili, akamnyooshea Yasmine.

"Chukua. Uchunge."

Yasmine hakunyoosha mkono. Angesema nini? Kwamba keshokutwa duka linakuwa la simu? Bikizee alikuwa hana mume, hana mtoto aliyemtaja, na jirani yake wa karibu alikuwa juu ya paa akipigilia misumari. Angempa nani mwingine?

Mara akaelewa kitu ambacho hakuwahi kumuuliza babu. Watoto wa mzee wote walikuwa wamekwenda Kampala, wakamwita mwaka baada ya mwaka, wakamtumia nauli, wakamkasirikia. Alikataa bila kutoa sababu. Walidhani ni ubishi wa uzee. Alibaki Butembo na kopo la biskuti, akila amesimama nyuma ya meza ileile, kwa sababu siku yoyote mtu angeweza kutokea mlangoni.

Yasmine aliupokea ufunguo.

"Wasingya," Kanyere alishukuru, akaingia ndani kutafuta ufagio.

Ndani ya lori Hassan alimuuliza kama mambo yameisha. Yasmine alisema bado. Walipofika Butembo alimpigia Zacharie kumwambia kwamba duka halitoki tena, naye alimfokea, na ana haki. Kumpigia Sofia kulikuwa kugumu zaidi. Sofia hakufoka. Alisema tu kwamba atakitoa kile kitanda chumbani.

Ijumaa baada ya swala Yasmine alifunga mlango wa duka nusu, akatandika mkeka wa babu, akamwaga kopo. Funguo zilikuwa sitini na nne tena. Alitafuta kwa vidole, macho yamefumbwa, mpaka akagusa kitambaa.

"Huyu wa Beni," alisema kwa sauti ndani ya duka tupu. "Kanyere. Bwana yake alikuwa Stanislas."

Kisha akashika uliofuata, wenye kibati chake cheupe na namba. Alikaa nao mkononi kwa muda, akaomba radhi, akaurudisha, akashika mwingine.