Imejaribiwa Nyumbani

Foronya ilikuwa imegandana na shavu la binti. Alipojaribu kuinua kichwa, ikainuka pamoja naye, na mto ukafuata ukining'inia kama mtoto aliyeng'ang'ania nguo ya mama yake sokoni.

"Tulia hivyo hivyo," mama yake alimwambia. "Usivute. Ukivuta utabandua uso."

"Saa moja natakiwa getini, mama."

"Geti lina miguu? Halitoki pale. Tulia."

Mama alichovya kitambaa kwenye maji ya vuguvugu, akawa anakikamulia juu ya foronya tone moja moja. Ilimchukua muda mrefu. Foronya ilipoachia, iliondoka na kiraka cha ngozi chenye majimaji ya manjano, na nywele saba nane za nyusi. Jicho la kushoto lilikuwa limevimba mpaka kope zikazama ndani, hazionekani. Mama aliliangalia, kisha akaangalia ukuta.

"Unaona chochote kwa hilo?"

"Naona ukungu. Na kinachochoma."

Juu ya kimeza palikuwa na kopo jeupe lisilo na lebo. Ubavuni liliandikwa kwa kalamu ya wino mzito: 14. Lilikuwa limebaki nusu.

Kopo lilitoka kiwandani, kule binti alikofunga katoni kwa miezi minane. Kiwanda kilitengeneza krimu, losheni na sabuni za bei ya chini, zile ambazo mtu wa kawaida huzinunua bila kufikiri mara mbili. Kila ilipopikwa krimu mpya, wanawake ambao hawajaajiriwa rasmi walipewa makopo waende wakaijaribu nyumbani. Sheria ilikuwa moja: paka upande wa kushoto tu, kuanzia kwenye nywele hadi kiwiko, asubuhi na jioni, siku saba. Upande wa kulia uache kama ulivyozaliwa, ili msimamizi apate cha kulinganisha. Mitaani walitambulika kutoka mbali, nusu wanang'aa, nusu wako walivyo. Vijana wa kijiweni waliwaita wa nusu bei.

Kiwandani hawakuwa na jina hata hilo. Kila ambaye hajaajiriwa aliitwa Mpya. Miezi minane, na bado yeye ni Mpya. Aliyemaliza siku saba vizuri aliahidiwa kuajiriwa, na aliyeajiriwa, akiugua, aliandikiwa barua ya matibabu.

Wakongwe walikuwa na ujanja wao. Mwanamke aliyekaza vifuniko kwa miaka kumi na mmoja, wote wakimwita Mama Vifuniko, alimvuta nyuma ya katoni siku alipokabidhiwa kopo.

"Mwanangu, paka kisigino."

"Kisigino?"

"Kisigino hakina macho, hakina mchumba. Usoni jipake mafuta yako ya kila siku ung'ae, useme asante krimu imenipenda. Sisi wote ndivyo tulivyovuka. Uliniona mimi nimebabuka?"

Mpya alicheka, lakini hakufanya hivyo. Alikuwa amewekewa karatasi mbele, ikasomwa kwa sauti, naye akaibonyeza kwa dole gumba la kulia kwamba atapaka kama alivyoelekezwa. Kalamu haikukubaliwa pale, hata kwa aliyesoma. Saini mtu anaweza kuikana, walisema, kidole hakikaniki. Na alichokiahidi kwa kidole chake akakimalizie kisiginoni? Hapana. Alipaka usoni. Siku tatu za mwanzo shavu lilikuwa laini kama la mtoto aliyetoka kuogeshwa, na msimamizi akampigapiga begani mbele za watu. Siku ya nne likaanza kuwasha. Siku ya tano ndiyo hii ya foronya.

Jana jioni alikwenda zahanati. Tabibu alimmulika kwa tochi, akaizima haraka.

"Hili linataka hospitali kubwa. Ikifika kesho mchana hujatibiwa, sahau jicho."

"Basi niandikie niende."

"Umeumia kwa kazi ya watu, dada. Hospitali haitakupokea bila barua ya mwajiri. Niletee barua, mengine niachie mimi."

Asubuhi hiyo, basi, kilichokuwa kikitafutwa kilikuwa karatasi moja tu. Mama alimfunga kitambaa safi usoni, akamshika mkono wa kulia ili amsaidie kuinuka, na hapo akasita. Alikigeuza kile kidole gumba kwenye mwanga wa dirisha.

Binti huyu alipokuwa mdogo, mama alikuwa akimshika kidole hichohicho na kumtegea kitendawili: shamba langu dogo lina matuta, halijapandwa mbegu tangu niumbwe. Mtoto alikuwa akihangaika na mashamba yote anayoyajua, mpaka mama amgeuzie kidole chake mwenyewe ajione.

Sasa kidole kilikuwa chekundu, laini, kinang'aa kama ndani ya mdomo. Shavu la kushoto lilipakwa mara mbili kwa siku, lakini mkono wa kulia ndio uliopaka. Mkono ambao hakuna aliyeuwekea sheria ndio uliokula dawa kuliko uso.

"Kinauma?"

"Hicho hakiumi hata. Nikikishika ni kama namshika mtu mwingine."

Mama aliuachia mkono. Alitia lile kopo ndani ya mfuko. "Uwaonyeshe walichokupa. Na usirudi bila hiyo karatasi."

Getini palikuwa na mashine ya vidole iliyofungwa ukutani, na foleni ya wanawake. Mpya aliweka dole gumba. Taa nyekundu. Akalifuta kwenye sketi, akaliweka tena. Taa nyekundu.

"We nani?" mlinzi aliuliza.

"Kaka, acha utani. Jana si tumesalimiana hapa hapa?"

"Mimi nakujua. Mashine haikujui. Na aliyeniweka hapa ni mashine, si wewe. Kaa pembeni."

"Angalia jicho langu, kaka."

"Nimeliona. Kaa pembeni, unazuia wenye vidole."

Mama Vifuniko alikuwa mtu wa tatu kwenye foleni. Alipoona kile kitambaa kilichoanza kulowa, alishika mdomo. "Nilikwambia kisigino," alisema chini chini, na machozi yakamtoka. Kisha akapaza sauti mpaka foleni nzima ikageuka. "Mwite msimamizi! Mwite, au leo vifuniko vyenu mtakaza kwa meno!"

Msimamizi alikuja na glavu zake nyeupe. Alikuwa mwanamke wa makamo, ngozi yake ya rangi moja kuanzia usoni hadi viwikoni. Alimfungua Mpya kitambaa, akamshika kidevu, akamgeuzia kwenye jua kama mtu anayekagua sufuria iliyorudishwa dukani.

"Umezidisha," alisema.

"Nimepaka kama ulivyonielekeza."

"Basi umekaa juani."

"Nimekaa kwenye katoni zenu, madamu. Kule ndani jua liko wapi? Mimi sidai kitu. Nataka barua tu nikatibiwe jicho."

"Barua ni ya Meneja. Twende, lakini huko usinipigie kelele."

Ofisi ilikuwa baridi, ina harufu ya waridi la chupa. Meneja hakuinua uso kwanza. Alifungua faili, akatoa karatasi, akamgeuzia Mpya. Chini ya maandishi palikuwa na alama ya kidole, nyeusi, mistari yake imezunguka safi, kila tuta na mfereji wake.

"Hiki kidole cha nani?"

"Changu."

"Vizuri. Hapa umesema umejaribu kwa hiari yako, na lolote litakalokupata hutadai wala kushtaki."

"Hilo silikumbuka kusomwa. Lakini sawa, bosi, sidai, sishtaki. Nipe barua."

"Barua tunampa mtu wetu." Alisukuma mashine ndogo ya mezani. "Weka."

Nyekundu. Mara ya pili, nyekundu. Mara ya tatu alibonyeza mpaka ncha ya kidole ikatoa damu, na taa ikawa nyekundu vilevile.

"Unaona? Hatukujui."

"Si nimekuonyesha kidole changu hapo kwenye karatasi?"

"Wewe ndiye umesema ni chako. Mimi sijasema." Meneja alifungua kidau cha wino bila hasira yoyote. "Tusibishane kama watoto. Weka hapa pembeni, tulinganishe."

Aliweka. Wino ulibaki kwenye karatasi kama doa la mafuta ya mashine, jeusi tii, halina hata mstari. Meneja aliligusa kwa ncha ya kalamu.

"Hapa pana mtu," alisema akionyesha ile alama ya zamani. Akaihamishia kalamu kwenye doa. "Hapa hapana."

"Bosi, ngozi imeliwa na krimu yenu!"

"Krimu yetu ni salama. Imejaribiwa." Na kweli, nyuma yake palikuwa na rundo la lebo mpya zilizokuja kutoka kwa mchapaji, zimefungwa kwa raba: namba kumi na nne ilikuwa imeshapewa jina la ua, na chini yake, kwa herufi za dhahabu, IMEJARIBIWA NYUMBANI. Siku saba zilikuwa bado hazijatimia.

Mpya aliziangalia zile lebo kwa jicho lake moja. Aliingiza mkono kwenye mfuko, akatoa kopo, akafungua kifuniko.

"Madamu," alimwambia msimamizi, "kama ni salama, jipake."

"Usilete wazimu wako hapa."

"Kidogo tu. Upande wa kushoto."

Kabla msimamizi hajarudi nyuma, Mpya alikuwa amemkamata ukosi, amechota vidole vinne, amempaka kutoka paji hadi kidevuni, akisugua kwa duara kama alivyoelekezwa. Msimamizi alipiga ukelele uliosimamisha mashine zote kule ndani.

"Maji! Maji jamani! Inaingia jichoni! Hii inaunguza, ondoeni, hii inaunguza!"

Wafungaji wa katoni walijaa mlangoni. Mama Vifuniko alikuwa mbele yao.

"Kumbe mnaijua," Mpya alisema.

Walinzi wawili walipenya kati yao, na rungu la kwanza likampata Mpya mtulinga, na wote mlangoni walisikia mfupa ukilia. La pili likampata mgongoni. Alianguka juu ya meza, akaondoka na karatasi, na mlinzi wa pili akamvuta kwa nywele mpaka kwenye sakafu. Buti lilimpiga tumboni, likarudi, likampiga shavuni, upande uleule uliobanduliwa na foronya, na safari hii hapakuwa na maji ya vuguvugu. Mama Vifuniko alijitupa katikati akipiga mayowe. Alisukumwa ukutani kama mlango. "Muacheni! Mnampiga kipofu!" alilia, na mlinzi, yule wa salamu za jana, alikuwa akipiga huku ameangalia pembeni.

Meneja hakuwa akiwatazama. Yeye mwenyewe, kwa mikono yake, alikuwa akimmiminia msimamizi chupa za maji ya kunywa usoni, moja baada ya nyingine, akiita dereva. Kisha alikaa kitini, akavuta karatasi yenye nembo ya kiwanda, akaandika mistari mitatu, akagonga muhuri. Barua ilikuwa tayari kabla maji hayajakauka kwenye meza. Hakuna aliyemuuliza msimamizi kidole.

Mpya aliiona kutoka sakafuni. Ilikuwa karatasi ya kawaida kabisa. Ilipita juu ya kichwa chake ikipeperuka mkononi mwa dereva.

Walimburuta uani, wakamtupa nje ya geti. Gari la kiwanda lilitoka nyuma yake likipiga honi ili apishe, naye akajiviringisha kwa bega lililo zima. Ndani ya kioo alimwona msimamizi amelazwa kiti cha nyuma, taulo jeupe usoni. Gari likakata kona ya barabara ya hospitali. Jua lilikuwa linaelekea utosini.

Alijikokota mpaka ukutani. Ukuta wa kiwanda ulikuwa mweupe, unapakwa chokaa kila mwezi. Dole gumba lake bado lilikuwa na wino. Alilibonyeza kwenye chokaa, akaliangalia doa. Tambarare. Akalibonyeza tena pembeni yake, kwa nguvu zaidi, kama mtu anayekita jembe kwenye udongo. Tambarare. Wino ulipokwisha palikuwa na damu, akaendelea kwa damu.

Mlinzi alitoka na ndoo na tambara. Hakumgusa, hakumfukuza. Alichuchumaa karibu naye na kuanza kufuta. Sabuni ilikuwa ya humo humo ndani. Kila Mpya alipobonyeza, mlinzi alifuta, na wakaenda hivyo, hatua kwa hatua, kando ya ukuta.

"Dada, nenda nyumbani," mlinzi alisema bila kumtazama. "Nakuomba."

"Nipe barua niende."

Ndani ya uwanja, sauti ya karani iliita kutoka dirishani:

"Mpya!"

"Nipo!" alijibu, na akainuka kwa goti moja, mkono umeshikilia ukuta.

"Nipo!" ilijibu sauti nyingine, changa, kutoka kwenye foleni ya waliosajiliwa asubuhi hiyo. Msichana wa miaka kumi na tisa hivi alipita mbele yake, amevaa blauzi iliyopigwa pasi, uso wake wote wa rangi moja. Alimwangalia yule mwanamke wa ukutani mara moja, akageuza macho haraka. Dole gumba la kulia lilikuwa tayari limenyooshwa.

Taa ikawaka kijani. Geti likafunguka, likafungwa. Mlinzi alikamua tambara, maji ya waridi na ya damu yakaingia mtaroni, na ukuta ukabaki mweupe.