Kidole Kisichosikia

Kabla hajakonda, mtaa mzima ulimwita fundi huyu Pipa, naye aliitika. Alishona nguo za kike katika duka la chumba kimoja lenye vyerehani viwili na kioo kirefu. Cherehani cha pili kilikuwa cha mdogo wake, tumbo moja na umbo moja. Ndugu hao wakikaa kwenye benchi, wateja walisimama.

Kisha fundi akaaga kwamba anakwenda mji mwingine kumuuguza shangazi wa mumewe. Shangazi mwenyewe alikuwa buheri wa afya. Fundi alikwenda hospitali na mumewe, dereva wa malori, akapasuliwa. Tumbo lilipunguzwa likabaki kama ngumi ya mtoto, na utumbo ukaungwa upya ili chakula kipite njia ya mkato. Siku ya kuruhusiwa, daktari aliwakalisha wote wawili.

"Ile sehemu tuliyoiruka, mama, ndiyo iliyokuwa ikifyonza madini na vitamini nyingi. Sasa unaweza ukala vizuri na mwili usipate kitu. Vidonge hivi ni vya kila siku, na sindano za vitamini usiziache. Si mpaka upone. Ni maisha yako yote."

"Nimeelewa, daktari."

Alielewa kweli. Hakuna aliyemficha jambo.

Akarudi, akawa anapukutika mbele ya macho ya watu. Wateja wakauliza dawa ni nini. "Nimefunga mdomo," alijibu. "Unene ni ulafi tu, jamani, tusidanganyane." Uongo huo ulimnogea. Kila alipousimulia aliutia chumvi mpya: mara anakimbia alfajiri, mara halali bila kunywa maji ya moto. Chupa ya vidonge aliificha kwenye droo ya nyuzi, mpaka mteja mmoja alipoifungua akitafuta pini.

"Unaumwa, fundi?"

"Vya mume wangu hivyo."

Jioni ile alivimwaga chooni. Kliniki nako hakwenda, maana mfagiaji wa pale alikuwa mteja wake na ana mdomo mrefu. Miezi ikapita, hakuona tofauti. Mwili ulikuwa unakula akiba yake, naye akadhani hiyo ndiyo afya.

Kukonda kulimpa ulimi. Mwanamke mnene akija na kitambaa, fundi alikinyoosha hewani na kumwambia, "Dada yangu, hapa unataka gauni au turubai?" Waliokuwa dukani walicheka, na aliyetukanwa alicheka nao, afanyeje? Lakini sehemu kubwa ya ulimi huo ilimwangukia mdogo mtu.

Mdogo mtu alikuwa amechumbiwa na fundi bomba mmoja mpole, aliyempenda vile vile alivyo. Dada mtu akajitolea kushona gauni la harusi.

"Ila nitalishona kwa kipimo ninachokitaka mimi," alisema.

"Dada, harusi imekaribia."

"Basi acha kula. Mbona mimi niliweza?"

Mdogo mtu akajaribu. Alikunywa maji na kutafuna matango, akashona na njaa yake, akijiona hana nia wala aibu. Siku moja alianguka kifudifudi juu ya cherehani. Dada yake alimmwagia maji ya kopo, akawageukia wateja. "Msishtuke. Ni ulafi unamtoka." Gauni lilipofika kiunoni, akalibana tena kidogo, kwa makusudi.

Wakati huo dada mtu mwenyewe nywele zilikuwa zinabaki kwenye kitana. Ulimi ulikuwa mwekundu, unawaka hata kwa uji. Miguu aliihisi kana kwamba amevaa soksi nene, na akitembea aliitanua kama mtu aliye kwenye mashua. Mumewe alimpigia simu kutoka safarini.

"Sindano ulichoma lini?"

"Unataka nikapange foleni nionwe na kila mtu?"

"Ulichoma lini?"

Akamkatia simu.

Siku ya kumalizia gauni, duka lilikuwa limejaa. Fundi alikuwa anasukuma satini nyeupe chini ya sindano huku anasimulia, mguu kwenye pedeli. Mdogo mtu ndiye aliyeona kwanza.

"Dada! Kidole!"

Sindano ilikuwa imepenya ukucha na kutokea upande wa pili, na mguu ulikuwa bado unakanyaga. Fundi aliangalia wekundu uliokuwa unaenea kwenye satini.

"Nani amemwaga kitu kwenye kitambaa changu?" aliuliza kwa hasira.

Hospitalini, daktari wa zamu alimfunga kidole, kisha akamwambia afumbe macho.

"Nimekushika wapi?"

"Hujanishika."

Alikuwa ameshika kidole gumba cha mguu na kukiminya. Mdogo mtu alisimama kando ya kitanda, anaona. Daktari akainua blauzi, akaona makovu madogo tumboni.

"Ulipasuliwa ili upungue?"

Fundi aliishusha blauzi.

"Mama, nisipojua nitakuwa nabahatisha."

"Ndiyo."

"Na vitamini?"

"Niliacha."

"Kwa nini?"

Fundi akamtazama mdogo wake.

"Mjibu daktari, dada," alisema mdogo mtu. "Kwa nini?"

Fundi aligeukia ukutani. Daktari alieleza kwamba damu iliyopungua itaongezeka na ulimi utapona, ila mishipa ya fahamu ya miguu na vidole imekaa na njaa mno. Mingine haitarudi.

Mdogo mtu hakulia. Alitoka, akarudi na sahani ya wali na nyama, akavuta kiti karibu na kitanda na kula taratibu, tonge baada ya tonge, macho kwa dada yake, mpaka sahani ikawa nyeupe. Kisha akanawa mikono. Nyumbani alilifumua gauni mishono yote, akalipanua, akashonea ua la kitambaa juu ya doa. Akaolewa nalo, na fundi bomba akawa analia kwa furaha kuliko bi harusi.

Siku hizi duka ni la mdogo mtu. Dada mtu hawezi kutunga uzi wala kusimama bila fimbo. Hupewa kazi ya kukunja vitambaa. Siku ya sindano, mdogo mtu humshika mkono kumpeleka kliniki. Ipo njia fupi ya uchochoroni nyuma ya duka, haina watu.

"Tupite nyuma, mdogo wangu," dada mtu huomba.

"Nyuma kuna mashimo, dada. Utaanguka."

Humpitisha barabara kuu, polepole, mbele ya maduka yote. Wanawake wanene hutoka milangoni kusalimia.

"Mnakwenda wapi?"

"Kliniki," hujibu mdogo mtu kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo. "Alikatwa tumbo huyu, hamjui? Msalimieni."

Nao humsalimia, mmoja mmoja, na kila mmoja husimama naye kidogo.