Sifuri ya Kutazama Usoni

Idara ya hisabati ilikuwa na fomu yake ya kupimia wahadhiri wapya, na fomu hiyo haikuwa na mchezo. Ukija kuomba kazi, unafundisha darasa halisi kwa dakika ishirini. Watu watatu wanakaa nyuma, mkuu wa idara anajaza alama, wote watatu wanatia saini. Chini ya sitini, safari njema. Watu wa hisabati wana imani ya ajabu na kujumlisha.

Siku hiyo waliokaa na mkuu walikuwa mzee mmoja aliyebakiza mwaka astaafu, na mama ambaye wanafunzi walimwita Shangazi. Shangazi alikuwa mwanamke pekee katika idara kwa miaka tisa, na miaka yote tisa vikaoni aliombwa aandike kumbukumbu, eti ana mwandiko mzuri. Kuitwa kutia saini, hii ilikuwa mara ya kwanza.

Mwombaji alikuwa dada asiyeona. Aliingia na fimbo yake nyeupe, akagusa meza, akagusa ubao, akamwomba mwanafunzi mmoja aandike kila atakachotamka. Kisha akaanza kueleza jinsi mfululizo wa namba unavyokaribia kikomo, utadhani anasimulia umbea mtamu. Katikati akasita, akatega sikio.

"Nyinyi wa kule nyuma dirishani, kalamu zenu zimesimama. Nimewaacha wapi?"

Binti mmoja akakiri kwa aibu kwamba alipotea mstari wa tatu. Wakarudi mstari wa tatu, darasa zima, na safari hii wakafika. Shangazi alijikuta anatabasamu peke yake.

Walipoingia chumba cha mikutano, mkuu alijumlisha mara mbili.

"Hamsini na nne," alisema kwa unyonge. "Roho inaniuma, lakini ndiyo hiyo. Na nafasi isipopata mtu leo, utawala unaichukua."

Shangazi akavuta karatasi. Mwandiko ubaoni: mbili kati ya tano, na mwandiko wenyewe ulikuwa wa mwanafunzi! Kutazama wanafunzi usoni: sifuri kati ya kumi.

"Profesa, mtu haoni, umempa sifuri kwa kutotazama?"

"Sasa ningempa ngapi? Kwani alitazama?"

Mzee alikohoa. "Fomu ni fomu, mama. Tia saini tukale."

Shangazi akaishika kalamu. Angetia saini, yule dada angerudi kwao na fimbo yake, na hakuna ambaye angeulizwa. Akapiga moyo konde, akaiweka kalamu chini.

"Hiki kipengele alikiweka nani?"

"Mimi," alijibu mkuu. "Mwalimu wetu wa zamani alikuwa anaongea na ubao. Nusu ya darasa tulipotea wiki tatu, yeye hana habari. Nikaapa, nikishika idara, mwalimu atazame watu ajue nani kapotea."

"Na leo aliyepotea alijulikana, hakujulikana?"

Mkuu akavua miwani na kuifuta kwa tai, muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Yule binti wa dirishani nilikuwa namtazama muda wote," alisema taratibu. "Mimi sikujua kama kapotea."

Akakata sifuri, akaandika kumi. Sitini na nne. Mzee alitia saini bila kukohoa. Shangazi akatia yake, na wala hakuona haya kwamba machozi yalimlengalenga.

Dada alikuwa kwenye benchi la korido, fimbo magotini. Mkuu alimwendea, akamnyooshea mkono, na mkono ukabaki hewani. Akageuka kumwangalia Shangazi amwokoe. Shangazi alinyamaza makusudi.

"Nimekunyooshea mkono, mwalimu," mkuu alisema hatimaye.

Dada alisimama upesi hadi fimbo ikaanguka sakafuni.

"Umeniita mwalimu?"

"Nimekuita mwalimu."